Namna ya Kuutambua Ubaguzi wa Kijinsia Katika Mazoea ya Kila Siku

Ubaguzi wa kijinsia unaozungumzwa zaidi ni ule unaoacha jeraha la wazi: mwanamke anayevuliwa nguo hadharani katika kituo cha matatu, msichana anayetolewa shuleni ili aolewe, mfanyakazi anayefutwa kazi kwa kuwa ameshika mimba. Huo hauhitaji mwongozo ili uonekane. Mgumu kuuona ni ule unaopita mbele yetu kila siku barazani, jikoni, ofisini na ndani ya matatu, ukiwa katika sura ya utani, ya sifa au ya desturi, na ambao aliyeudhika nao akiulizwa kimemuudhi nini hukosa la kuonyesha, kwa sababu hakuna aliyemtukana wala aliyempiga. Maelezo haya ni ya wakazi wa Mombasa, wanawake kwa wanaume, wanaotaka kuyazoeza macho na masikio yao kuukamata ubaguzi wa aina hiyo pale pale unapotokea.

Kabla ya yote, weka kando swali la nia. Mazungumzo mengi kuhusu jambo hili hukwama hapo: mmoja analalamika, mwingine anajitetea kwamba hakukusudia ubaya, na kwa kuwa moyo wa mtu haufunguliwi ukasomwa, mjadala hauendi mbele. Swali lenye faida ni la gharama. Nani amepoteza muda, fedha, heshima au usalama ili jambo hili liendelee kuonekana la kawaida, na je, kila mara huwa ni yule yule? Msemaji anaweza kuwa na moyo safi kabisa na gharama ikabaki pale pale.

Geuza wahusika

Kipimo cha kwanza ni chepesi na hufanyika kimoyomoyo. Ukisikia kauli inayomhusu mwanamke, ihamishie kwa mwanamume aliye katika nafasi ile ile, au kinyume chake, kisha usikilize kama bado inaingia akilini. Mwanamke anayejenga nyumba yake Kisauni ameingia katika duka la vifaa vya ujenzi kununua saruji na nondo, na muuzaji anamuuliza mumewe alitaka nondo za ukubwa gani. Mwanamume akiingia dukani humo, huulizwa mkewe ametaka nini? Gari limepelekwa gereji na mwenyewe ni mwanamke, lakini fundi anamweleza hitilafu kijana aliyekaa kiti cha pembeni, ambaye pengine hata kuendesha hajui. Meneja mpya ametangazwa, na mtaa mzima unaulizana watoto atamwachia nani, ingawa aliyetangulia alikuwa baba wa watoto watano na hakuna aliyewahi kuulizia nani huwaogesha.

Kipimo hiki kinafaa kwa habari pia. Treni ya abiria ya reli mpya kati ya Mombasa na Nairobi ilipozinduliwa mwaka 2017, Concilia Owire alikuwa miongoni mwa madereva wake, na ilistahili kutangazwa kwamba mwanamke anaendesha treni ile, kwa kuwa lilikuwa jambo jipya. Hali ni nyingine pale ajali ya kawaida ya barabarani inapoelezwa kwa kutaja jinsia ya dereva akiwa mwanamke, ilhali wanaume waliogongana juzi mahali pale pale walitajwa kuwa madereva tu.

Jikoni, na hasa Ramadhani

Nyumbani ndipo penye mengi zaidi kwa anayejifunza kutazama, na hakuna mwezi unaofundisha kama Ramadhani. Usisikilize yanayosemwa, bali tazama mikono. Nani aliamka kwanza kupasha daku, na nani aliamshwa chakula kikiwa tayari? Alasiri, nani anakuna nazi, anachoma mahamri na kukaanga viazi mbele ya moto huku naye amefunga kama wengine wote? Adhana ya magharibi ikishatolewa na futari ikishaliwa, nani anakusanya vyombo, na nani anavaa kanzu yake au shati lake akatoka kwenda kupunga upepo Mama Ngina? Katika nyumba nyingi za mji huu majibu ya maswali haya yanagawanyika mle mle kila siku kwa mwezi mzima, na watoto hujifunza mgawanyo huo kabla hawajajua kusoma. Mvulana wa miaka 12 anaachwa atoke na wenzake, dadake wa miaka 9 anapewa sufuria asugue, na akinung'unika anaambiwa kwamba kwa uvivu huo atarudishwa na mume.

Ili usibaki na hisia tu, hesabu saa. Chagua siku moja ya kawaida, andika jina la kila mtu aliye nyumbani, na kando ya jina uandike saa alizofanya kazi ya nyumba na saa alizopumzika. Usimsahau mtoto wa ndugu aliyeletwa kutoka bara au kutoka shamba ili asome, ambaye mara nyingi ni msichana na mara nyingi ndiye wa mwisho kulala. Ongeza pia kazi isiyoonekana kwa macho, nayo ni kukumbuka: nani anakumbuka siku ya kliniki ya mtoto, tarehe ya karo, gesi iliyokaribia kwisha, zawadi ya harusi ya jirani, dawa za bibi. Mume anayesema kwamba yeye husaidia kila anapoombwa anasema kweli, lakini kule kuomba nako ni kazi, na kuna mtu anayeifanya kuanzia alfajiri hadi usiku.

Wengine watasema kwamba hayo ndiyo mafundisho ya dini, na hoja hiyo inastahili kujibiwa kwa adabu na kwa elimu. Katika hadithi iliyopokewa na Imamu Bukhari, Bibi Aisha aliulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, akajibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumbani kwake, na ulipofika wakati wa swala alitoka kwenda kuswali. Bibi Khadija alikuwa mfanyabiashara, na Mtume aliisafiria biashara yake kabla ya kumwoa. Si kila kinachofanyika katika nyumba ya Waislamu ni amri ya Uislamu, kama ambavyo si kila kinachofanyika katika nyumba ya Wakristo kimo katika Injili. Ukitaka kujua kama jambo ni dini au ni mazoea, uliza limeandikwa wapi. Mara nyingi jibu utakalopewa ni kwamba ndivyo tulivyowakuta wazee wetu wakifanya, na jibu hilo linakuambia hasa ulichotaka kujua.

Sikiliza sifa kwa makini kuliko matusi

Tusi hujitangaza lenyewe. Sifa hupita bila kukaguliwa, na hapo ndipo wengi wetu, wakiwamo wanawake wenyewe, tunapopitwa. Mwaka 1996 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Peter Glick na Susan Fiske, walieleza kwamba ubaguzi dhidi ya wanawake una sura mbili zinazotegemeana: ile ya uadui, inayodharau waziwazi, na ile ya wema, inayomsifu na kumlinda mwanamke mradi tu abaki mahali alipowekwa. Anayezitafuta sura hizo Mombasa hahitaji kwenda mbali. Methali isemayo mke ni nguo, mgomba kupalilia, husemwa kwa nia njema ya kumhimiza mume amtunze mkewe, lakini ndani yake mke ni mmea unaomngoja mwenye shamba, na hakuna anayemuuliza yeye mwenyewe anataka kulima nini.

Chukua mfano wa ofisini. Kampuni ya uwakala wa forodha inahitaji mtu wa kwenda Malaba kwa wiki moja kufuatilia mizigo iliyokwama mpakani. Karani anayeijua kazi hiyo kuliko wote ni mwanamke, lakini mkuu wake, kwa kumhurumia, anasema kwamba safari ni ndefu na yeye ana watoto wadogo, basi anatumwa kijana mwenye uzoefu mdogo. Kila mtu anaona kwamba mkuu ametenda utu. Marupurupu ya safari, hata hivyo, yamekwenda kwa kijana, uzoefu umekwenda kwa kijana, na nafasi ya usimamizi itakapotangazwa itasemwa kwamba kijana ndiye aliyewahi kushika kazi za nje ya ofisi. Dalili ya kuitazama hapa ni moja: uamuzi umefanywa kwa niaba ya mtu mzima aliyekuwapo, na hakuulizwa. Huruma ya kweli ingemwambia safari ipo, muda wake ni huu, posho yake ni hii, kisha ingemwachia aseme anaweza au hawezi.

Zipo pia sifa zenye mkia. Umefanya vizuri kwa mwanamke. Wewe si kama wanawake wengine. Ana akili ya kiume. Kila moja inampandisha mmoja kwa kuwashusha wote walio kama yeye, na anayeipokea kwa tabasamu anakuwa amekubali, bila kutaka, kwamba waliobaki ni duni. Ya hatari zaidi kwa maoni yangu ni ile inayomwimbia mama kwamba hachoki, kwamba hubeba kila kitu na halalamiki, kwa sababu sifa hiyo hutolewa badala ya kumpokea mzigo.

Mikutanoni

Katika mkutano wowote, uwe wa ofisi, wa chama cha akiba au wa kamati ya harusi, kuna mambo ya kutazama kwa nusu saa tu nawe ukaondoka na picha kamili. Tazama nani ameombwa aandike kumbukumbu na nani ameinuka kwenda kuagiza chai na viazi karai. Tazama nani anakatizwa kabla ya kumaliza sentensi. Sikiliza hoja iliyotolewa na mwanamke ikapita kimya, kisha ikarudiwa na mwanamume dakika kumi baadaye ikapigiwa makofi. Katika kamati ya harusi, angalia nani anashika daftari la michango na nani anapangiwa masufuria ya pilau, kisha uulize kama mgawanyo huo ulijadiliwa.

Namna ya kuitana nayo inahitaji jicho la uangalifu, kwa kuwa hapa Pwani majina ya heshima ni mengi na mazuri. Kumwita mwanamke mama au bi ni adabu njema. Lakini ikiwa mezani wamekaa madaktari watatu, wawili wakaitwa Daktari na wa tatu, aliye mwanamke, akaitwa mama, basi heshima hiyo imemvua cheo alichokisomea. Vivyo hivyo, mteja anapopiga simu kuulizia kontena lake bandarini, akajibiwa na sauti ya kike, akasema apewe mwenye ofisi, ilhali anayezungumza naye ndiye mwenye ofisi, hapana tusi lililotamkwa. Limetokea tu jambo ambalo mwenzake wa kiume hatalijua maisha yake yote.

Barabarani, ambapo kipimo cha kugeuza hakitoshi

Mwanamume akiambiwa kwamba kumwita mwanamke mrembo kila anapopita ni kumsumbua, hujibu mara nyingi kwamba yeye angefurahi kuitwa hivyo. Anasema kweli, na hapo ndipo kipimo cha kwanza kinapofikia mwisho wake, kwa sababu wawili hao hawatembei katika barabara moja ingawa wote wawili wanatoka feri ya Likoni saa moja usiku. Tumia kipimo cha pili: tazama anachofanya mtu baada ya kuitwa. Mwanamke huyo anakaza mwendo. Anavuka upande wa pili kuliepuka baraza la vijana. Amebeba leso mkobani ili ajifunge akifika mahali atakapotazamwa vibaya. Anavaa pete ya ndoa asiyokuwa nayo, anatoa nambari ya simu ya uongo, anamlipa mwenye tuktuk fedha ambazo hakupanga kuzitumia ili asipite njia fulani kwa miguu. Makanga anayemvuta mkono kumwingiza garini, au anayemkalisha karibu na dereva kwa sababu dereva amempenda, anaweza kuapa kwamba ni mchezo tu wa kazi. Mwulize abiria amebadilisha nini katika safari yake ya kesho.

Ukitaka kuyajua haya, njia ya uhakika ni kuwauliza waliomo nyumbani mwako: dada, binti, mke, shangazi. Uliza ni njia zipi hawapiti na ni saa ngapi huacha kuzipita, kisha unyamaze usikilize mpaka mwisho, bila kuwashauri wavae nini.

Kanuni zisizotaja jinsia

Kuna ubaguzi usiokuwa na msemaji kabisa, uliomo katika kanuni. Agosti 2019 Zuleikha Hassan, mwakilishi wa wanawake wa Kwale, aliingia katika ukumbi wa Bunge la Taifa na mtoto wake wa miezi mitano, akaamriwa atoke, kwa kuwa kanuni haziruhusu mgeni ndani ya ukumbi. Kanuni ile haikumtaja mwanamke. Iliandikwa kwa kumfikiria mbunge ambaye mtoto wake mchanga ana mtu mwingine wa kumnyonyesha. Ukikutana na utaratibu wowote, wa kazi, wa msikiti, wa kanisa, wa shule au wa jengo la umma, uliza mwandishi wake alikuwa akimfikiria nani.

Katika siasa utasikia pia mwanamke anayegombea kiti cha kawaida akiambiwa aende kwenye kile cha wanawake. Katiba ya mwaka 2010 iliweka viti 47 vya wawakilishi wa wanawake, kimoja kwa kila kaunti, lakini haikuvifanya vile vingine kuwa vya wanaume. Mishi Mboko, aliyekuwa wa kwanza kukikalia kiti hicho cha Mombasa mwaka 2013, aligombea ubunge wa Likoni mwaka 2017 na akashinda. Hata kumbukumbu za mji zina upande wake: mapokeo yanamtaja Mwana Mkisi kuwa mtawala wa Mombasa kabla ya Shehe Mvita, ila jina la Mvita ndilo linalotamkwa kila siku, hadi kwenye eneo bunge, na watoto wengi humaliza shule bila kulisikia la Mwana Mkisi.

Yasiyo ubaguzi, na yanayowaangukia wanaume

Si kila tofauti ni dhuluma, na anayeona ubaguzi kila mahali huacha kusikilizwa hata anapokuwa na haki. Kumpisha kiti mjamzito ni kuitika haja yake. Wanawake kukaa upande wao katika harusi, wakacheza na kujipamba bila kutazamwa, ni jambo ambalo wengi wao wanalipenda na wangelitetea. Angalia kama wahusika wamelichagua, kama wanaweza kulikataa bila kuadhibiwa, na kama upande wao unapata sawa na upande wa pili.

Wanaume nao huguswa. Baba aliyempeleka mtoto kliniki anaulizwa mama yake yuko wapi, kana kwamba yeye ni mpita njia, na mwalimu humpigia mama mtoto akiugua hata kama jina la baba ndilo la kwanza katika fomu. Mvulana aliyefiwa anaambiwa asilie kama mwanamke. Kauli hiyo ya mwisho inawaumiza wawili kwa wakati mmoja.

Andika, kisha useme

Tukio moja halithibitishi kitu, na ndiyo maana huwa rahisi kumnyamazisha anayelitaja. Mwaka 2012 Mwingereza Laura Bates alianza kukusanya masimulizi mafupi ya watu wa kawaida kuhusu mambo ya aina hii, na nguvu ya kazi yake ilitokana na wingi wa visa ambavyo kimoja kimoja vingeitwa vidogo. Fanya vivyo hivyo kwa kiwango chako. Kwa wiki mbili, andika siku, mahali, kilichosemwa au kilichofanyika kwa maneno yale yale, na nani aliyebeba gharama. Usiandike hukumu. Visa ambavyo wewe mwenyewe ndiye msemaji viandike pia.

Unaposema, fuata adabu ya mahali. Mzee hasahihishwi mbele ya watu. Mwendee faraghani, au umwachie swali badala ya lawama: "Ami, niwie radhi, na hawa wavulana nao tuwape zamu ya vyombo leo?" Kwa rika lako, kutocheka tu mara nyingi kunatosha, na utani usipochekewa unaweza kumwomba msemaji akueleze maana yake, kwa upole na kwa dhati. Mkutanoni, rudisha hoja kwa mwenyewe: "Hilo alilisema Bi Halima mwanzoni, naomba tumsikilize amalizie." Anayeweza kusema hivyo kwa gharama ndogo zaidi ni mwanamume aliyekaa karibu, na kwa hiyo wajibu ni wake kwanza.

Yako mambo yanayovuka mpaka wa mazoea. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa, na inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera kuhusu unyanyasaji wa kingono kazini. Kuguswa bila ridhaa na kutakiwa mapenzi ili upate kazi au usiipoteze si mambo ya kuwekwa daftarini tu: yapelekwe kwa msimamizi au polisi, na nambari 1195 hupokea simu za waathiriwa wa ukatili wa kijinsia bila malipo.

Wiki mbili zikitimia, soma daftari lako lote kwa kikao kimoja na utafute kinachojirudia: mtu yule yule, saa ile ile, kazi ile ile. Usijaribu kurekebisha yote. Chagua moja ambalo liko ndani ya uwezo wako, kama vile kumbukumbu za mkutano au vyombo vya futari, na upendekeze zamu. Zamu hiyo iandikwe kwa majina na ibandikwe ukutani, kwa kuwa iliyopangwa kwa mdomo humrudia yule yule wa zamani kabla mwezi haujaandama.